Taa ya chaji iliyozimika kwa oili: kisa cha Ford 5000 moja huku Bunyoro

Majina yote nimeyatoa. Mwenye trekta namuita Mzee, anayeendesha namuita Dereva, kijana wa kusafisha plau na kuchomoa visiki namuita Taniboi, na aliyekodisha siku ile namuita Mama Shamba. Eneo ni huku Uganda, kati ya Kigumba na Bweyale, matrekta ni mengi na Kiswahili ndo kinatuunganisha sokoni, kwaiyo hiyo haitamtambulisha mtu. Mimi ndo fundi, na mbele mtaona na mimi sikutoka msafi kwenye hii stori.

## Trekta yenyewe na watu wake

Ni Ford 5000, zile za buluu za kutoka Basildon Uingereza, dizeli, silinda nne. Zilianza kutoka mwaka 1964 na zikapisha ndugu zao 5600 na 6600 mwaka 1975, kwaiyo hata ile changa kabisa sa hivi ni babu. Hii ya Mzee ni ya mwanzo wa miaka ya sabini, imeshabadilisha wenyewe mara nne au tano, na bado inavuta plau ya disi tatu kwenye ardhi nzito bila kulalamika.

Dashibodi yake ni sahani moja tu. Katikati kuna mita ya ramu (kasi ya injini kuzunguka) na masaa, pembeni geji ya dizeli na geji ya joto, afu taa ndogo za onyo. Haina geji ya sindano ya presha ya oili, na hapo mtu ashike vizuri manake kisa chote kinaanzia hapo: presha ya oili ya injini nzima inasemewa na kitaa kimoja ukubwa wa kifungo cha shati.

Kwa hii ya Mzee mita ya ramu ilikufa zamani. Geji ya dizeli pia ilikufa, dizeli wanapima na kijiti cha mti. Kilichobaki hai ni geji ya joto na taa mbili, moja nyekundu, ingine rangi ya chungwa iliyofifia karibu iwe njano. Alama zilizochorwa pale za kuonyesha ipi ni ipi hazikuwepo tena. Jua limekula, na kilichomalizia ni kitambaa: kila asubuhi Taniboi anafuta vumbi ya dashibodi kwa kile kitambaa chenye dizeli, na kabla yake alifuta mwingine, na kabla yake mwingine, miaka hamsini. Ukipitisha kidole unasikia plastiki laini kama sabuni iliyotumika.

Dereva ana miaka minne na hiyo trekta, na sio mtu wa mchezo, anaijua kwa mlio. Maana ya taa hakusoma kwenye kitabu, kitabu hakijawahi kuonekana huku, alisoma kwa matukio. Mwaka mmoja kabla fenbelti ilikatika barabarani, taa nyekundu ikawaka, baadaye maji yakachemka. Tangu siku hiyo kichwani mwake nyekundu ni chaji ya bateri, na ya chungwa, kwa kuwa imebaki peke yake, ni oili. Na alikuwa sahihi kabisa! Siku ile nyekundu ilikuwa chaji kweli.

## Mambo mawili madogo yaliyotokea kabla

La kwanza, mwezi wa kwanza geji ya joto ilikataa. Wakamuita fundi wa umeme wa senta, akafungua dashibodi, akatafuta waya, geji ikafufuka, akalipwa, kila mtu akafurahi. Nyuma ya ile sahani vishikio vya balbu vinasukumwa tu kwenye matundu yake kama kizibo cha chupa, vyote viwili saizi moja, hakuna kinachokuzuia kuchomeka hiki pale na kile hapa.

La pili ni langu. Mwezi wa tatu mvua za kwanza zikaanza kunusa, Mzee akapiga simu anataka trekta ifanyiwe sevisi kabla ya kuingia shambani. Nilienda jioni na kijana wangu anayejifunza, tukamwaga oili, tukabadilisha filta, tukaweka oili mpya lita nane hivi. Giza lilikuwa linaingia, mvua inaning'inia, tukawasha injini kidogo, taa zikazima, nikasema sawa, tukapanda boda tukaondoka.

## Siku yenyewe

Asubuhi ya pili yake kazi ilikuwa eka 11 za Mama Shamba, mbegu za mahindi ameshanunua, anangoja tu ardhi igeuzwe. Saa 1 asubuhi Dereva akageuza ufunguo, taa mbili zikawaka. Akawasha, taa mbili zikazima. Kijiti cha oili alicheki, iko kwenye alama ya juu. Mpaka hapo huwezi kumlaumu kwa kitu.

Saa 3:30 hivi, akiwa ameshalima eka tatu, taa nyekundu ikaanza kumkonyeza. Haikuwaka moja kwa moja, ilikuwa inakonyeza pale mwisho wa shamba anapopunguza mafuta na kugeuza, akirudi kwenye mstari na kuongeza ramu inazima. Sasa mtu yeyote aliyewahi kuendesha hivi vyuma vya zamani atakwambia taa ya chaji inafanya hivyo hivyo, ramu zikishuka oltaneta (ile inayochaji bateri) inalegea, taa inakonyeza, ukiongeza inazima. Kwaiyo kila alipoongeza mafuta na taa ikazima, imani yake ilizidi.

Na hapa Dereva alifanya kitu ambacho madereva wengi hawafanyi. Alisimamisha trekta injini ikiwa inaunguruma, akashuka, akaangalia feni: inazunguka. Akaangalia geji ya joto: sindano iko mahali pake pa siku zote. Hesabu yake ilikuwa kwamba kama feni inazunguka basi belti iko, kama belti iko maji yanazunguka, kwaiyo injini haitachemka, shida ni umeme tu na dizeli haihitaji umeme ikishawaka. Kwa taa ya chaji hiyo hesabu haina kosa hata moja. Akapanda, akaendelea.

Saa 4 na dakika 5 taa ikawaka na haikuzima tena hata akiongeza mafuta. Akampigia Mzee aliyekuwa Kampala. Maneno yalikuwa mafupi, wote wawili walinisimulia hivyo hivyo:

"Mzee, taa ya chaji imewaka."

"Maji inachemka?"

"Hapana, joto iko sawa."

"Basi usizime. Ukizima hapo haitawaka tena na hatuna wa kuisukuma. Malizia shamba la mama, jioni tutaangalia."

Akaendelea. Kama dakika kumi baadaye Taniboi, aliyekuwa anatembea nyuma, akaona mstari mweusi kwenye udongo mpya. Huku udongo ukigeuzwa asubuhi unang'aa kahawia, na juu yake kulikuwa na alama nyeusi nyembamba, mara imekatika mara imeendelea, inafuata trekta kwenye ule mfereji wa plau kama mkojo wa ng'ombe anayetembea. Akainama akagusa, akanusa. Kabla hajapiga kelele injini ikaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, nguvu ikashuka. Akavua shati akaanza kulipunga. Dereva akavuta stopa, ile ya kuzima injini.

Kijiti cha oili kilitoka kikavu, ncha tu ndo ilikuwa na unyevu.

## Dakika mbili zilizofichua

Walinipigia na mimi nikasema msiwashe, nakuja. Lakini kutoka kwangu mpaka pale kwa boda ni dakika arobaini, Mama Shamba amesimama pale mikono kiunoni, Mzee kwenye simu anasema jaribuni oili kwanza labda imepungua tu. Wakamtuma Taniboi senta, akarudi na jerikeni ya lita tano, wakamwaga yote, wakawasha.

Ile taa nyekundu ikazima.

Dereva anasema alibaki anaitazama. Injini bado inagonga, Taniboi anapiga kelele upande ule kwamba oili inaruka kutoka kwenye filta, lakini yeye alichokuwa anafikiria ni kimoja: nimeweka oili, sasa taa ya chaji imezimikaje? Akazima. Nilipofika, kabla hata ya salamu, ndo swali alilonipokea nalo. "Fundi, tangu lini oili inatengeneza chaji?"

Nikamwambia geuza ufunguo bila kuwasha. Taa mbili zikawaka. Nikaenda kwenye bloki ya injini, pale kwenye swichi ya presha ya oili, kitu kidogo kimefungwa kama nati na kina waya mmoja tu. Nikachomoa ule waya. Nyekundu ikazima, ya chungwa ikabaki inawaka. Nikaurudisha, nyekundu ikawaka. Nikarudia mara tatu ili Dereva aone na ili na mimi niamini. Tulipofungua dashibodi jioni ile, waya wa swichi ya oili ulikuwa kwenye kishikio kilichochomekwa tundu la nyekundu, na waya wa oltaneta uko tundu la chungwa. Vimebadilishana vitanda.

Yaani tangu mwezi wa kwanza trekta ilikuwa inasema ukweli mtupu, ila kwa jina la mwingine.

Afu nikaenda kwenye filta, na hapo ndo nikakaa chini. Nilipoifungua nilikuta raba mbili. Moja mpya ya filta mpya, imesukumwa nje upande mmoja kama ulimi, na nyuma yake nyingine nyembamba, ngumu, nyeusi kama lami, imeganda kwenye uso wa chuma. Raba ya zamani haikutoka na filta ya zamani. Kijana wangu hakuiona kwenye lile giza na mimi sikupitisha kidole. Raba mbili zikikaa pamoja zinashika kwa muda, injini ikipata moto na presha ikikaa juu kwa masaa, ile ya juu inateleza inatoka kidogo kidogo, oili inaanza kupita.

## Matokeo

Nilishusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, palepale shambani. Beringi ya konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ya silinda ya tatu ilikuwa imeyeyuka na kujipaka kwenye krenki, ile shafti kubwa inayozungushwa na pistoni, zingine mbili zimeanza kukwaruzika. Beringi kubwa za krenki zilikuwa na bahati. Trekta ilivutwa nyumbani na trekta ya jirani, krenki ikapelekwa Kampala kusagwa, tukafunga beringi za undersaizi, za krenki iliyosagwa. Krenki, beringi, gasketi, oili na usafiri ilifika shilingi za Uganda milioni tatu na laki nane. Siku 19 trekta imelala, na siku 19 za mwezi wa tatu na wa nne sio siku za kawaida huku, ndo msimu wenyewe. Mama Shamba alitafuta trekta ingine kwa bei ya juu, na hajarudi kwa Mzee.

Kwanza Mzee alitaka kumkata Dereva mshahara. Alikuwa na hasira na ukiangalia kwa haraka ni rahisi kusema dereva aliona taa nyekundu akaendelea kulima. Nilimuita aje aone mwenyewe ule mchezo wa kuchomoa waya. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwahiyo hata mimi nilimwambia asizime taa ya oili?" Ndiyo Mzee. Hakumkata. Mimi sikuchukua pesa ya ufundi, na filta na oili mpya nilinunua mimi. Fundi wa umeme alisema alichomeka kama alivyokuta. Inawezekana, lakini belti ilikatika mwaka mmoja kabla na nyekundu ndo iliwaka, na katikati hapo dashibodi ilifunguliwa mara moja tu. Sikubishana naye sana, raba mbili zilikuwa bado mfukoni mwangu.

## Uchambuzi: nani alikosea wapi

Naanza na uamuzi wa kuendelea kulima manake ndo unaouma. Taa mbili hizi zinadai majibu yaliyo kinyume kabisa. Taa ya chaji ikiwaka unaangalia belti na joto, vikiwa sawa unaweza kumaliza kazi, na kuzima injini ndo kosa kwa sababu bateri inaweza isiwashe tena. Taa ya oili ikiwaka hakuna cha kuangalia kwanza, unavuta stopa palepale hata kama uko katikati ya mstari, na kuendelea hata dakika tano ni kununua krenki. "Usizime" ya Mzee ilikuwa ushauri mzuri wa taa moja uliopelekwa kwa taa ingine. Kwaiyo kujua ipi ni ipi sio mambo ya urembo wa dashibodi.

Kosa la pili limejificha kwenye simu. Dereva alisema "taa ya chaji imewaka". Hakusema alichoona, alisema alichofikiria. Angesema "taa nyekundu ya kushoto imewaka, ilianza kwenye kona, sasa haizimi hata nikiongeza mafuta", labda Mzee angeuliza la pili, labda angenipigia mimi. Na mimi ningeuliza umecheki kijiti cha oili? Sasa hivi mtu akinipigia kuhusu taa simruhusu kuniambia jina lake, aniambie rangi, upande, na ilianza lini.

Kwenye konyeza kuna jambo la kushika. Zote mbili zinaweza kukonyeza ramu zikiwa chini, ni kweli, lakini ya oili ina tabia yake: oili ikipungua kwenye sampu inakonyeza zaidi ukigeuza, ukipanda au kushuka mteremko, manake oili inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Ya chaji haijali mteremko. Dereva alipoulizwa baadaye alikumbuka kwamba kona ya upande wa chini wa shamba ndo ilikuwa inawasha zaidi. Ishara ilikuwepo, ila hakuna aliyewahi kumwambia aitafute.

Afu kuna ile asubuhi. Taa mbili ziliwaka na taa mbili zikazima, na wengi tunaita hiyo kucheki. Inakuonyesha balbu ni nzima, haikuonyeshi ipi ni ya nini. Na hata ya oili ikizima usifurahi sana: swichi zake zinafunguka kwa presha ndogo, kama psi (kipimo cha presha) 5 mpaka 10 tu, wakati injini kama hii ikiwa inafanya kazi inataka 50 na kuendelea. Kitaa kinakwambia presha ipo, hakikwambii inatosha.

Kosa langu nimeshasema, naongeza moja tu. Baada ya kubadilisha filta niliwasha injini sekunde chache. Ningeiacha ipate moto dakika kumi na kuinua ramu, afu nimulike tochi kwenye filta, pengine ningeona jasho la oili. Na kidole kwenye uso wa filta kinachukua sekunde mbili, hata gizani.

Kilichofanya kazi? Stopa ilivutwa injini ilipoanza kugonga, Dereva hakusubiri amri ya mtu. Ndo maana bloki ipo na konrodi haikutoboa ukuta. Taniboi aliangalia chini badala ya kuangalia simu. Na Dereva aliposhangaa taa kuzima hakukaa kimya na mshangao wake, aliubeba mpaka nikafika, bila lile swali lake ningetengeneza filta na krenki nikaacha taa zimebadilishana mpaka leo.

## Jinsi ya kuzijua taa zako bila kitabu

Kwa wenye hivi vyuma nyumbani, nieleze nilivyomwonyesha Dereva, na haihitaji mita.

Taa ya oili ni rahisi. Inapata umeme kutoka bateri kupitia ufunguo, na njia ya kurudi ni ule waya mmoja unaoenda kwenye swichi ya bloki. Presha ikiwa hakuna, swichi inagusisha waya na bodi, taa inawaka. Presha ikija swichi inaachia. Kwaiyo waya ukikatika taa haitawaka hata injini ikiwa kavu, na ukichubuka ukagusa chuma haitazima hata oili ikiwa tele. Ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imelala, chomoa waya kwenye swichi: ile inayozima ndo oili. Ugusishe kwenye chuma kisafi cha injini: ile inayowaka ndo oili, haijalishi ina rangi gani au kuna nani amekuapia.

Taa ya chaji haina swichi. Upande mmoja uko bateri, upande wa pili uko oltaneta. Injini ikiwa imelala bateri iko na volti 12 na oltaneta haina kitu, umeme unapita kwenye balbu inawaka. Oltaneta ikiamka inapanda mpaka volti 14 hivi, pande mbili zinalingana, umeme hauna pa kwenda, taa inazima. Ndo maana ukiona inawaka kwa kufifia, kama kaa la jiko linalokufa, usiseme "inawaka kidogo tu". Maana yake pande hazilingani, kuna mahali pachafu kwenye maungio au daiodi ya oltaneta inaondoka. Na hiyo balbu sio ya kuonyesha tu, kwenye oltaneta nyingi umeme kidogo unaopita pale ndo unaiamsha. Ikiungua, oltaneta inaweza kulala mpaka upige ramu nyingi, au isichaji kabisa, na wewe huoni taa yoyote unadhani mambo ni mazuri. Kwa mifumo ya umeme ya Lucas, kampuni ya Uingereza, kawaida ni balbu ya wati 2.2, usiweke LED kwa sababu umeipata rahisi.

Na kama unataka kuzitofautisha bila kushika waya, washa injini na uiache ramu za chini kabisa. Ya oili inazima sekunde chache tu baada ya injini kuwaka. Ya chaji mara nyingi inangoja mpaka uinue mafuta kidogo. Kwa trekta ya Mzee tangu mwezi wa kwanza nyekundu ilikuwa inazima ya kwanza, kila asubuhi, mbele ya macho ya watu wawili.

Tabia moja nimeiona kwenye trekta zingine huku na lazima niitaje: dizeli hizi zinazimwa kwa kuvuta stopa, ufunguo ni wa umeme tu. Sasa kuna madereva taa ikiwasumbua wanazungusha ufunguo kuuzima, injini inaendelea kulima na dashibodi yote imekufa. Kimya kizuri kabisa! Wa kwetu hakufanya hivyo, lakini nilimuuliza.

## Tulichobadilisha

Nilirudisha vishikio kwa kufuata waya, nikaandika kwa rangi nyeupe OILI na CHAJI chini ya kila taa, na nyuma ya sahani nikafunga kitambaa chekundu kwenye waya wa oili ili atakayefungua kesho asibahatishe. Kwenye tundu la swichi nikaweka tii (kiungo cha njia tatu), upande mmoja swichi imebaki, upande wa pili bomba dogo la shaba linapanda mpaka geji ya sindano niliyoifunga pembeni ya usukani. Injini ikiwa ya moto kwenye ramu za kulima inakaa kati ya 55 na 60, na Dereva ameweka alama ya msumari pale kwenye kioo.

Mzee alitaka na kengele. Nikamfungia baza kwenye waya wa oili, ukifungua ufunguo inalia mpaka presha ije. Wiki mbili baadaye nilipita, nikakuta waya wake umechomolewa na kufungwa vizuri na kavera (mfuko wa plastiki). Dereva akasema inashtua ng'ombe za jirani kila alfajiri, na jirani ameshalalamika mara mbili. Nikaangalia geji, sindano inapanda, taa zinazima kwa zamu zake, oili kwanza chaji baadaye. Nikamwachia kavera yake.